Heri ya Sikukuu ya Uhuru: Salamu kutoka Mwaka 1961

Ndugu wasomaji, nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake: wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za siku nyingi, na wadogo zangu pamoja na wajukuu, nazipokea shikamoo zenu na kuwaitikia marahaba. Sikukuu ya Uhuru imetufikia tena. Ninawatakia heri ya tarehe 9 Desemba ninyi nyote mlioko mijini na vijijini, ninyi mtakaokuwa kazini siku hiyo kwa kuwa wagonjwa na abiria hawajui sikukuu, na ninyi mlioko ughaibuni ambao bendera yetu mtaiona kwenye picha tu.

Huku Dodoma sikukuu hii huja pamoja na harufu ya udongo uliolowa. Mvua za kwanza huwa zimeanza kudondoka, wenye haraka wameshapanda mtama na uwele katika vumbi wakitumainia mawingu, shule zimefungwa, na mabasi ya mikoani yanajaa watu wanaorudi kwao kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Ni majira ya kungoja, na huenda ndiyo sababu kila ifikapo wiki ya kwanza ya Desemba mawazo yangu huanza na mwaka mzima wa 1961 kabla ya kufika kwenye gwaride, yaani ile miezi 11 na siku 8 ambazo Watanganyika walizipitia kabla bendera haijapanda. Nimefundisha historia katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, na ninakiri kwa masikitiko kwamba sisi walimu tumewapa watoto tarehe moja tu. Wameikariri, wameijibu kwenye mtihani, na wengi wao wamebaki wakidhani kwamba uhuru ulishuka usiku mmoja kama umande. Naomba basi salamu zangu za mwaka huu ziwe juu ya miezi ile iliyotangulia.

Mwaka ulipoanza, njia ilikuwa imekwisha kufunguka. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, ilikuwa imepata viti 70 kati ya 71, na Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa Waziri Kiongozi akiwa bado hajafikisha miaka 40. Mwishoni mwa Machi 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikuja Dar es Salaam, na mkutano wa katiba ukafanyika katika ukumbi wa Karimjee kuanzia tarehe 27 hadi 29. Ulikuwa mkutano mfupi kupita kiasi kwa jambo zito kama lile, nami naamini ufupi wake ulitokana na miaka ya kazi ya wanachama wa TANU waliokuwa wamekwisha kuyajibu maswali yote kabla hayajaulizwa mezani. Ipo picha maarufu ya siku zile za Machi: Mwalimu amebebwa juu ya umati, mikononi ameshika kibao chenye maneno ya Kiingereza yanayodai uhuru kamili 1961, na uso wake umejaa furaha ya kijana. Siku iliyokubaliwa kwanza ilikuwa 28 Desemba, kisha ikaletwa karibu hadi 9 Desemba. Tarehe 1 Mei nchi ikapata madaraka ya ndani, na Mwalimu akawa Waziri Mkuu.

Lakini Waziri Mkuu wa nchi ya namna gani? Mwalimu mwenyewe, hata katika uzee wake, alikuwa akiwakumbusha watu kwamba tulipata uhuru tukiwa na madaktari 12 na wahandisi 2, ilhali watu wazima wengi mno hawakujua kusoma wala kuandika. Tulikuwa tunaongoza duniani kwa kuzalisha mkonge, takriban tani 200,000 kwa mwaka, na bado mtu aliyekuwa akiukata mkonge ule Tanga au Morogoro hakuwa na uhakika wa kumsomesha mtoto wake zaidi ya darasa la nne. Serikali ya madaraka iliandaa Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitatu, na kwa kuwa wapimaji na wahandisi wa barabara walikuwa haba, Tanganyika ikawa nchi ya kwanza kutangaziwa mradi wa vijana wa Marekani wa kujitolea, ule uliokuwa umeanzishwa na Rais Kennedy mwaka huohuo.

Katika hali hiyohiyo ya uhaba, mwezi Oktoba, kilifunguliwa chuo kikuu. Hakikuwa na majengo yake. TANU ilitoa jengo lake la makao makuu, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba kwa heshima ya Patrice Lumumba, aliyeuawa Kongo mwezi Januari wa mwaka uleule, na humo wanafunzi wasiofika 15 wakaanza kusoma sheria chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Kila nilipowasimulia watoto habari hii niliwaomba wahesabu madawati ya darasa letu, kisha waondoe zaidi ya nusu, ili waone jinsi chuo kikuu cha taifa kilivyokuwa kidogo siku kilipozaliwa. Chama cha siasa kikatoa nyumba yake ili vijana wasome sheria. Sijui kama kuna zawadi ya sikukuu inayozidi hiyo.

Sasa nawaomba mnivumilie nitoke Dar es Salaam nije nyumbani, kwa maana mwaka 1961 nilianza kuusikia kwa bibi yangu, mzaa baba, kabla sijausoma kitabuni. Sisi ni Wagogo wa upande wa Mvumi, na katika simulizi za bibi mwaka ule haukuitwa mwaka wa uhuru. Uliitwa mwaka wa njaa. Mvua zilikuwa zimekosekana, ng'ombe wamekonda hadi mbavu zinahesabika, na watu wa Ugogo pamoja na sehemu nyingine za nchi wakaishi kwa mahindi ya msaada, mengi yake yakiwa yametoka Marekani. Bibi alisimulia jinsi alivyotembea alfajiri akiwa na mtoto mgongoni na debe tupu kichwani, akapanga foleni mbele ya baraza la mtawala, akangoja hadi jua likawa la utosi, ndipo lori likafika. Lori lile lilikuwa la mwenye duka wa pale, Mhindi aliyezaliwa hapohapo na aliyeongea Kigogo kama mtu wa ukoo wetu. Mahindi yalipimwa kwa kopo mbele ya macho ya kila mtu, na bibi alikuwa akituonyesha kwa kiganja jinsi mpimaji alivyokwangua juu ya kopo ili asizidishe wala asipunguze. Hakuna aliyelalamika, alisema, kwa sababu kila mmoja aliona.

Nalitaja lori lile kwa sababu maalumu. Katika mwezi wa Oktoba, wakati bibi bado anapanga foleni, Bunge lilikaa Dar es Salaam kujadili Muswada wa Uraia, nao ndio, kwa maoni yangu, ulikuwa mjadala mzito kuliko yote ya mwaka ule, mzito kuliko hata mkutano wa Machi. Katika mkutano wa Machi swali lilikuwa ni lini Mwingereza ataondoka. Katika mjadala wa Oktoba swali lilikuwa sisi tunaobaki ni akina nani. Nchi ilikuwa na Waafrika wapatao milioni 9, Waasia zaidi ya 70,000, Wazungu wapatao 20,000, na Waarabu ambao familia nyingine zilikuwa zimekaa pwani kwa vizazi visivyohesabika. Muswada wa Serikali ulisema kwamba uraia hautafuata rangi: aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake mmoja akawa amezaliwa Tanganyika atakuwa raia bila kuomba, na wakazi wengine wenye sifa watapewa muda wa kuomba, ili mradi wakubali kuacha uraia wa nchi nyingine. Baadhi ya wabunge, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wameipigania TANU kwa jasho, walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza.

Si haki kuwadharau wabunge wale. Walikuwa wametoka katika utawala uliopanga watu kwa rangi kuanzia hospitali hadi mishahara, na Bunge lenyewe walilokuwa wamekaa ndani yake lilikuwa na viti 50 vilivyokuwa wazi kwa wote, 11 vilivyotengwa kwa ajili ya Waasia na 10 kwa ajili ya Wazungu. Mtu aliyesukumwa nyuma ya foleni maisha yake yote hawezi kulaumiwa akitaka, siku ya haki, kuanza yeye. Lakini hebu mtazame ukumbi ule kwa karibu. Ukumbi ulibeba jina la familia ya Karimjee iliyokuwa imeutoa kwa ajili ya jiji, na kwenye kiti cha Spika alikaa Abdulkarim Karimjee wa familia hiyohiyo. Katika viti vya mawaziri alikuwamo Amir Jamal, na alikuwamo Derek Bryceson. Katika viti vya wabunge walikuwamo Sophia Mustafa wa Arusha na Lady Marion Chesham wa Iringa. Watu hawa, Waasia na Wazungu walioomba kura kwa mwavuli wa TANU au kwa kuungwa mkono nayo na kuchaguliwa kwa kura za Waafrika, walikaa wakasikiliza wenzao wakijadili kama wao ni watu wa hapa au sivyo. Ninapowaza Spika akiwaita wasemaji kwa zamu, kwa adabu ileile, huku hoja ikiwa ni juu ya watu wa nasaba kama yake, huwa nanyamaza kwa muda.

Mwalimu aliposimama hakubembeleza. Alisema kwamba Serikali yake ilijengwa juu ya msingi wa utu na usawa wa binadamu, na kwamba Bunge likiukataa msingi huo, Serikali itajiuzulu. Hili alilisema zikiwa zimebaki wiki 7 tu kufika siku ya uhuru. Akaonya kwamba tukianza kuwabagua watu hatutajua pa kuachia, na itafika siku tutasema binadamu wote ni sawa isipokuwa Wamasai, isipokuwa Wagogo, isipokuwa Waha. Muswada ukapita.

Isipokuwa Wagogo! Nilikuwa mwalimu kijana niliposoma maneno hayo kwa mara ya kwanza, na nakumbuka niliweka kitabu chini. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuiona Dar es Salaam hadi alipofariki, na ambaye wakati ule alikuwa anasubiri kopo la mahindi kule Mvumi, alikuwa ametajwa ndani ya ukumbi wa Karimjee kama mtu ambaye siku moja angeweza kutengwa ikiwa leo atatengwa yule mwenye lori. Nilimsimulia. Aliniuliza, kwa Kigogo, kama kuna mtu aliyefikiri kwamba yule mwenye duka si wa pale. Nikamjibu kwamba wapo waliofikiri hivyo. Akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta uwele wake.

Mwaka ule ulikuwa na mengi mengine, na mengine nayapitia kwa haraka tu. Septemba, katika mkutano uliofanyika Arusha kuhusu hifadhi ya wanyamapori, Mwalimu alitoa tamko ambalo wahifadhi wanalinukuu hadi leo, kwamba kuwatunza wanyama wetu na mapori wanamoishi ni dhamana tuliyoipokea kwa ajili ya watoto wetu. Na mwaka huohuo wanasayansi walitangaza umri wa tabaka la udongo la Bonde la Olduvai ambamo Mary Leakey alilipata lile fuvu mashuhuri la zamadamu mwaka 1959: miaka milioni 1.75, umri ambao wengi hawakuutarajia. Nimekuwa nikifurahia daima kwamba mwaka tuliopewa kiti kati ya mataifa kama taifa changa kuliko yote ndio mwaka dunia ilipoelezwa jinsi ardhi yetu ilivyo ya kale.

Wapo pia ambao bado sijawataja, na bila wao ile meza ya Machi isingekuwapo. Bibi Titi Mohamed, aliyeanza na vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam na kuvifanya jeshi la TANU, alikuwa amekwisha kuzunguka karibu nchi nzima akihutubia. Rashidi Kawawa alikuwa ametoka katika vyama vya wafanyakazi, na Paul Bomani katika ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Mabwana hawa na bibi huyu walijua jinsi ya kukusanya senti za watu maskini na kuzitolea hesabu, na nadhani hiyo ndiyo shule ya uongozi waliyoingia nayo serikalini.

Kisha mvua ikaja, na ilikuja kwa fujo. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka Afrika Mashariki ilipata mvua ambazo wazee walisema hawajapata kuziona. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na katika miaka michache iliyofuata likawa limeinuka kwa zaidi ya mita 2. Nchi iliyokuwa inalia ukame ikaanza kulia mafuriko. Bibi alisema kwamba mbegu alizokuwa amezificha ndani ya kibuyu, ambazo alikataa kuzila hata watoto walipolia usiku, alizipanda mara mbili, kwa kuwa za kwanza zilisombwa na maji.

Ndipo ukafika usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9. Katika uwanja ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, mbele ya Gavana Richard Turnbull na Mwanamfalme Philip aliyemwakilisha Malkia wa Uingereza, bendera ya Mwingereza ilikuwa juu ya mlingoti. Saa sita kamili taa zikazimwa. Kwa muda mfupi umati wote ulikuwa gizani, na ndani ya giza hilo bendera moja ilishuka na nyingine ikafungwa kwenye kamba. Taa zilipowaka, ilikuwa juu ile ya kijani, yenye mkanda mweusi katikati na michirizi ya dhahabu, na Mungu Ibariki Afrika ikaimbwa kama wimbo wa taifa. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro akiwa na bendera na mwenge, kwenye kilele kilichokuwa kimebeba jina la mfalme wa Wajerumani na ambacho tangu siku ile kinaitwa Uhuru. Mwalimu alikuwa ameuahidi mwenge ule tangu Oktoba 1959, kwamba utamulika hata nje ya mipaka yetu, ulete matumaini pale pasipo na matumaini, upendo palipo na chuki, na heshima palipojaa dharau. Nikizingatia ule mjadala wa uraia, naona kwamba tulikuwa tumejaribiwa kwanza sisi wenyewe, kwa maneno hayohayo, kabla hatujawasha moto ili wengine wauone.

Kwa bibi yangu usiku ule ulikuwa wa mvua. Kijijini hapakuwa na redio. Walisikia ngoma kutoka upande wa misheni, wakajua, na asubuhi watu wakakusanyika barazani, palepale walipokuwa wakipimiwa mahindi, wakaiona bendera mpya imefungwa kwenye mti kwa sababu mlingoti ulikuwa bado haujasimikwa. Alisema kwamba ilikuwa imelowa chapachapa na haikupepea hata kidogo, nao wakaishangilia hivyohivyo.

Tarehe 14 Desemba Tanganyika ilikubaliwa katika Umoja wa Mataifa, ikawa mwanachama wa 104. Mwalimu alikuwa amekwenda New York mwaka 1955, kwa nauli iliyochangwa na wanachama, kusimama mbele ya Baraza la Udhamini kama mtu anayewaombea wengine, na sasa nchi yake ilikuwa na kiti chake, kura yake na bendera yake mlangoni. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, Januari 1962, aliuacha Uwaziri Mkuu na kumkabidhi Kawawa ili yeye arudi vijijini kukijenga chama.

Wazee wetu mlioiona Desemba ile kwa macho yenu, mmebaki wachache, na kila mwaka idadi yenu inapungua. Shikamooni sana. Ninawaombea afya njema na ninawasihi, sikukuu hii wajukuu watakapokuwa wamejaa nyumbani, mkae nao kivulini muwasimulie mlikuwa wapi usiku ule, mvua ilikuwa inanyesha au la, na nani alikuwa amesimama kando yenu kwenye foleni. Nanyi vijana, ulizeni na mwandike majibu kwenye daftari. Kwa ndugu zangu wa Ugogo nasema mbukwenyi, na mvua za mwaka huu ziwe za kiasi. Kwenu nyote, wa kila kabila, kila dini na kila rangi, heri ya Sikukuu ya Uhuru.